Kengele ni hodi: jibu kwa kijana wa maziwa kutoka Uru

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Uru, nina miaka 24. Kila alfajiri nashusha maziwa mjini Moshi kwa baiskeli, madumu mawili ya lita 20, nawapelekea wateja wangu wenye migahawa upande wa Mbuyuni. Kutoka hospitali ya KCMC kuja mjini huwa napita njia ya pembeni ya waenda kwa miguu, kwa sababu barabarani Hiace zinanibana. Wiki iliyopita nilimkuta bibi mmoja amebeba beseni la ndizi kichwani. Nilipiga kengele kama kawaida, lakini badala ya kubaki upande wake akanijia mimi. Nilimkwepa, dumu likamgusa, akaanguka. Goti lilichubuka na ndizi zikamwagika. Watu walinizingira wakasema hii si njia ya baiskeli. Mimi najua kengele nilipiga. Naomba kujua: njia ile ni ya nani? Na nilitakiwa kufanya nini zaidi ya kengele? Fundi wangu ananishauri nifunge honi ya pikipiki.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla sijagusa swali lako hata moja: umerudi kumwona yule bibi? Umeeleza ndizi zilivyomwagika na watu walivyokuzingira, lakini hukusema mliachanaje. Kama hujaenda, nenda leo jioni ukimaliza kugawa. Beba maziwa kidogo, mpe pole, mwangalie anavyotembea. Kwa mtu wa umri huo mchubuko wa goti ni jambo dogo. Kinachotisha ni nyonga na kifundo cha mkono, maana anayeanguka hutanguliza mkono, na mfupa wa mzee si kama wako. Akisema maumivu hayapungui, msindikize hospitali wewe mwenyewe.

Ukishakaribishwa ukakaa, muulize: "Bibi, siku ile ulisikia nini?" Nadhani najua atakachokujibu. Atakwambia alisikia kengele, akashtuka, akataka kujua inatokea wapi. Hakuna mtu aliyekujia.

Wewe ukisikia kitu nyuma yako unageuza shingo. Aliyebeba beseni kichwani hana shingo ya kugeuza. Akitaka kutazama nyuma lazima ageuke mwili mzima, na mwili mzima haugeuki bila miguu kusogea. Mguu mmoja unatoka pembeni, beseni nalo linafuata, na sehemu ya njia aliyokuwa akiitumia inapanuka ghafla kwa hatua nzima. Ndicho ulichokiona ukadhani anakuja kwako. Hata asiye na mzigo hufanya hivyo kwa kiasi chake. Jaribu siku moja kwenye uwanja wa shule: tembea juu ya mstari wa chokaa, kisha chungulia nyuma kupitia bega la kulia bila kusimama. Utajikuta miguu imeshauacha mstari, imeenda kulia. Na kulia ndiko ulikokuwa unapitia wewe.

Sasa tuhesabu kidogo. Mteremko ule naujua, nimeushuka kwa baiskeli miaka mingi. Mji wetu umelazwa juu ya tako la mlima. Kila anayetoka juu kuja mjini anasukumwa na mlima wenyewe. Baiskeli yenye mzigo inafika kilomita 20 kwa saa bila kukanyaga pedeli, na wewe huhisi kama unakimbia. Kilomita 20 kwa saa ni mita tano na nusu kila sekunde. Bibi mwenye beseni anatembea kama mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo unamkaribia mita nne na nusu kila sekunde moja inayopita. Ukipiga kengele ukiwa mita tano nyuma yake, umempa sekunde moja tu. Katika sekunde hiyo asikie, atambue ni kengele, ajue iko upande gani, achague pa kwenda, asogee. Hata askari wa gwaride hawezi. Ukiipiga ukiwa mita 25 nyuma, ana sekunde tano na ushee. Kengele ni ileile, mkono ni uleule, tofauti ni lini.

Ndiyo maana "kengele nilipiga" haitoshi kuwa utetezi. Nakuamini kwamba uliipiga. Lakini tazama tunavyofanya nyumbani. Mtu hodi anaipigia mlangoni, hasubiri mguu mmoja uwe umeshaingia sebuleni. Na akishaipiga husubiri aambiwe karibu. Asipojibiwa hupiga ya pili, na ya tatu, kisha huondoka zake. Haingii kwa madai kwamba hodi alipiga. Kengele ya baiskeli ilitakiwa iwe hodi ya namna hiyo. Sisi tumeigeuza kuwa "toka!". Tunaipiga tukiwa tumeshafika, tena mfululizo, kring-kring-kring, na baiskeli haijapunguza mwendo hata kidogo.

Tena kengele ina upungufu mwingine hata ukiipiga mapema: haisemi. Haimwambii bibi uko kushoto au kulia, uko mbali au karibu, uko peke yako au mko watatu. Sauti ya mtu inasema yote hayo. Ukiwa nyuma kidogo, ukasema, "Shikamoo bibi, napita kulia kwako," mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Anajua ni binadamu. Anajua unapita wapi, kwa hiyo hana haja ya kugeuka. Na la tatu, ambalo mimi nalithamini kuliko yote, atakujibu. "Marahaba, baba, pita." Lile marahaba ndilo uthibitisho kwamba amekusikia. Hakuna kengele duniani inayoweza kukuletea jibu.

Kwenu Uru, ukiwa kwa miguu kwenye njia ya kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ungempita mzee kimya kimya ukiwa umenyoosha shingo? Usingethubutu; ungefika nyumbani habari imekutangulia. Na mwenye mzigo kichwani ungempisha, usubiri pembeni mpaka apite, kwa sababu yeye hawezi kukukwepa na wewe unaweza. Utaratibu huo ni wa zamani kuliko baiskeli. Wapagazi wanaopanda Kilimanjaro wanapishwa vivyo hivyo na watalii. Sijui nani alituambia kwamba mtu akikaa juu ya tandiko la baiskeli anasamehewa shikamoo.

Utaniambia asubuhi pale KCMC kuna watu wengi, shikamoo 40 zitamaliza pumzi. Kweli. Kwenye kundi tumia kengele, lakini iwe ya mbali, mlio mmoja, halafu pumzika, halafu mlio mwingine. Ukikaribia, tumia mdomo: "Samahanini, napita kulia." Ukiona kichwa kimeinama au bega limesogea kukupisha, hilo nalo ni jibu. Usipopata jibu lolote, chukulia kwamba hujasikika. Huenda ana vipokea sauti masikioni. Huenda ni kiziwi. Huenda anawaza majibu ya vipimo aliyopewa dakika kumi zilizopita, na kwenye barabara ile watu wa namna hiyo ni wengi. Hapo shuka kasi mpaka ya mtu anayetembea, mguu mmoja ukiwa tayari kugusa chini.

Nikukumbushe na kundi ambalo madereva wengi hawalifikirii. Moshi tuna Shule ya Msingi Mwereni, wanakosoma watoto wasioona pamoja na wenzao. Pale KCMC kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, na watu huja kutoka mbali kufungiwa miguu na kujifunza kuitembelea. Mtu mwenye fimbo nyeupe hutegemea sikio, na baiskeli iliyotiwa mafuta vizuri haina sauti. Mtu aliye kwenye wiki ya kwanza ya mguu mpya hawezi kuruka pembeni hata ukimpigia king'ora. Kwa hawa wawili hakuna ujanja wa kengele. Ni kusimama, kusema neno, na kupita ukiikokota baiskeli.

Kasi sasa. Kutoka jicho kuona hatari mpaka vidole kubana breki, mtu makini hutumia kama sekunde moja. Kwa mwendo wako wa 20, mita tano na nusu zimeshakwenda kabla breki haijaanza kazi. Breki ikiwa nzima na lami kavu, ongeza mita nyingine tano au sita. Jumla mita 11, urefu wa Hiace mbili. Ukishuka kilomita 10 kwa saa, jumla nzima ni kama mita nne. Na kama mtagongana hata hivyo, kipigo nacho hakipungui nusu, kinapungua kuwa robo, kwa sababu nguvu ya kitu kinachokwenda inakua kwa mraba wa kasi yake. Weka na uzito: lita 40 za maziwa ni kilo 41 hivi, baiskeli kama 20, wewe tuseme 60. Ni kilo 120 zinazoteremka. Yule bibi na ndizi zake hafiki hata 70.

Hesabu hiyo ni ya breki nzima. Ya kwako ikoje? Kama baiskeli yako ni ile ya kubebea mzigo, zile nyeusi zenye breki za vyuma, ringi za chuma zikilowa raba za breki huteleza juu yake kama sabuni. Wakati wa masika umbali niliokutajia usahau. Zoea kubana breki kidogo kidogo mapema, kabla hujazihitaji, ili raba ifute maji kwenye ringi. Ndipo ikifika saa ya kazi itashika. Raba zikishaisha mpaka chuma kinasaga chuma, usishuke Uru na maziwa siku hiyo. Piga simu kwa wateja.

Madumu nayo. Dumu lililojaa mpaka shingoni ni zito lakini limetulia. Lililojaa nusu ni balaa: ukifunga breki maziwa yanakimbilia mbele, yanapiga ukuta wa dumu, yanarudi, na baiskeli inacheza mkononi mwako wakati uleule unaohitaji isicheze. Kama siku hiyo huna lita 40, tafuta madumu madogo uyajaze. Na yafunge kwa mpira yakiegemea gurudumu, yasitanuke nje. Umesema mwenyewe kwamba lililomgusa bibi ni dumu, si usukani. Wewe ulipita, upana wako wa nyuma ndio haukupita. Pima siku moja kutoka ukingo wa nje wa dumu moja hadi la pili. Nimewahi kukuta sentimita 95 kwa kijana aliyedhani ana 60.

Tuje kwenye lile lililokuuma: njia ni ya nani?

Waliokuzingira walisema kweli, ingawa huenda walisema kwa ukali. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaihesabu baiskeli kuwa chombo, na chombo mahali pake ni barabarani, upande wa kushoto. Njia ya pembeni inakuwa ya wote wawili pale tu mwenye barabara alipoamua hivyo na kuweka alama. Pasipo na alama, ni ya waenda kwa miguu, na wewe ni mgeni. Mgeni anaweza kukaribishwa, anaweza kuvumiliwa, lakini hawezi kuwaamuru wenyeji wasogee.

Usidhani ni sisi tu. Uingereza, sheria inayokataza kuendesha kwenye njia ya miguu ni ya mwaka 1835, imetungwa baiskeli za pedeli hazijaanza hata kuuzwa, na bado inatumika. Ujerumani wana mabango ya duara la buluu yanayosomeka bila maneno: mtu na mtoto juu, baiskeli chini, mstari wa kulala katikati, maana yake njia ni moja tumieni pamoja, mstari ukisimama wima, kila mmoja na upande wake. Na wana bango la tatu, la njia ya miguu ambayo baiskeli imeruhusiwa tu kupita. Hapo mwendeshaji anatakiwa aende kasi ya mtu anayetembea. Lakini wanaonifurahisha zaidi ni Wajapani. Kwao, pale baiskeli inaporuhusiwa kando, mwendeshaji lazima aende kwa kasi inayomwezesha kusimama papo hapo, na akiona atamzuia mtembeaji, ndiye anayesimama. Kumpigia mtembeaji kengele ili tu akupishe ni kosa. Kengele ni ya kuepusha hatari. Waingereza nao walipofanyia marekebisho mwongozo wao wa barabara mwaka 2022 waliweka wazi kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye anayebeba wajibu mkubwa zaidi. Lori kwa gari dogo, gari kwa baiskeli, baiskeli kwa mtembeaji. Mwongozo huohuo unamwambia mwenye baiskeli apige kengele au aite kwa adabu, na akumbuke kwamba huyo wa mbele anaweza kuwa haoni au hasikii.

Yule dereva wa Hiace anayekubana ndiye wewe ukiwa nyuma ya bibi. Unavyojisikia akikupigia honi mgongoni, ndivyo alivyojisikia bibi.

Nafahamu kwamba hukuhamia njia ya pembeni kwa jeuri. Umeogopa kufa, na woga huo una akili. Mimi nikiulizwa nasema hivi: chagua kasi kwanza, ndipo uchague njia. Ukitaka kasi ya baiskeli, nenda barabarani. Ukitaka njia ya pembeni, lipa nauli yake, na nauli yake ni mwendo wa mguu. Kinachoumiza watu ni kutaka vyote viwili.

Alfajiri saa 11 hadi saa 12 barabara bado ina nafasi. Panda lami, washa taa ya mbele, funga kiakisi mwanga chekundu nyuma mahali ambapo dumu halikifuniki. Usijifiche kwenye ukingo kabisa wa lami, palipo na mchanga na mashimo na mtaro. Kaa kama urefu wa mkono kutoka ukingoni, ili dereva alazimike kukupita kama anavyopita chombo, asikusukume kama jani. Kisheria mjini hatakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Najua, najua. Lakini alfajiri angalau anakuona. Ikifika saa 1 na Hiace zimeanza kugombea abiria, ingia pembeni, na ukishaingia wewe ni mtembeaji mwenye magurudumu. Palipobana kabisa, penye lango la hospitali, penye kijiwe cha bodaboda, penye wauza ndizi waliotandaza, shuka uikokote. Mwaka 1980 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mtu anayevuka kwenye kivuko huku akiisukuma baiskeli ni mwenda kwa miguu, ana haki zote za mwenda kwa miguu. Ukishuka, umebadilika kuwa mtu mwingine. Mita 60 za kukokota hazitaharibu maziwa.

Kuna mkanganyiko mmoja nao uujue, maana unawagonganisha watu wasio na kosa. Watoto wetu tunawafundisha kwamba pasipo na njia ya pembeni, watembee kulia ili watazamane na magari. Ni fundisho zuri. Lakini wakiingia kwenye njia ya pembeni wengi wanaendelea na mazoea hayo, na wewe mwendeshaji unashika kushoto kwa mazoea ya barabara, basi mnakutana uso kwa uso, mnacheza ule mchezo wa kushoto-kulia-kushoto. Mkikutana hivyo usishindane naye kuchagua. Simama kabisa, mtembeaji akiona umesimama ataamua mwenyewe apite wapi.

Hata hivyo, sitaki uondoke ukidhani tatizo lote ni tabia yako. Nimefanya kazi ya kuchora barabara zaidi ya miaka 30, na nina langu la kukiri. Kulikuwa na mradi ambao tulibakiwa na mita moja na nusu kati ya ukuta na mtaro wa wazi. Bosi akauliza, "Baiskeli zitapita wapi?" Tukachora bango lenye mtu na baiskeli, tukaandika kwenye ramani kwamba ni njia ya pamoja, tukaenda kula. Bango lile halikuongeza hata sentimita moja. Mtu mmoja anahitaji sentimita 75 hivi, mwenye beseni au mwavuli karibu mita nzima. Mwendeshaji naye mita nzima, kwa sababu baiskeli haiendi kama reli, inayumba, na ikienda polepole inayumba zaidi. Watu wawili wanaoongea wakienda shuleni wameshamaliza mita moja na nusu yote. Na hakuna anayetembea ukingoni mwa mtaro usio na mfuniko, kwa hiyo ile iliyoandikwa mita moja na nusu kwa kweli ilikuwa mita moja na robo. Pale hata malaika wawili wangegombana.

Mwongozo wa usanifu wa Uingereza wa mwaka 2020 unataka njia ya pamoja isipungue mita tatu, na hiyo ni mahali ambapo watembeaji hawazidi 300 kwa saa. Wakiwa wengi zaidi kwenye mitaa ya mji, ushauri wao ni kuwatenganisha. Kutenganisha kwa mstari wa rangi peke yake hakusaidii. Mstari mtembeaji hauoni, mwendeshaji anauona kuwa ruhusa ya kukimbia, na asiyeona hajui kama upo. Kinachofanya kazi ni tofauti ya kimo, ukingo mfupi ambao fimbo nyeupe inaugundua na gurudumu haliupandi kwa bahati mbaya. Dar es Salaam, kando ya njia ya mabasi ya mwendokasi Barabara ya Morogoro, ilitengwa njia ya baiskeli kabisa, na bado utakuta bodaboda na meza za biashara juu yake. Kutenga bila kulinda ni kupanua soko.

Kwa hiyo nakupa kazi. Tafuta futi kamba ya fundi cherehani, ile ya mita moja na nusu inatosha. Siku ukiwa huna haraka, pima njia ile mahali patano: penye nguzo ya umeme katikati, penye mtaro wazi, penye mizizi ya mjakaranda iliyoinua zege, kwenye lango, na mahali bibi alipoangukia. Andika upana halisi, saa uliyopita, na watu uliowahesabu kwa dakika 15. Karatasi moja tu. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa, nakala ofisi ya TARURA, ambao tangu mwaka 2017 ndio wenye barabara za mijini na vijijini. Kama kipande ni cha barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS. Usiombe njia ya baiskeli ya kilomita kumi, watakupongeza na kuiweka kabatini. Omba mfuniko wa mtaro mita 20. Omba nguzo moja ihamishwe. Omba tuta barabarani kabla ya lango, maana Hiace zikipungua kasi na wewe utarudi kwenye lami. Maombi madogo yana bei inayojulikana, na ofisa anaweza kuyaingiza kwenye matengenezo ya kawaida bila kusubiri mfadhili.

Kwa watembeaji wanaosoma hapa sina mengi, wao si wenye kasi. Mkitembea wanne sambamba, acheni upenyo. Mkisikia kengele msiruke. Bakini kwenye mstari wenu, asiyetabirika ndiye anayegongwa. Na mtoto ashikwe upande wa mbali na magurudumu.

Umeuliza kuhusu honi ya pikipiki. Hapana. Bibi aliyeshtushwa na kengele umpigie honi? Utamwokota mtaroni. Hiyo pesa mpe fundi huyohuyo akubadilishie raba za breki, zote nne, na akubanie kengele yako isogee karibu na kidole gumba ili usiache kushika breki unapoipiga. Ukimkuta bibi tena pale kwenye mteremko, anza shikamoo yako mapema, ukiwa bado mbali. Asipoitikia, usimpite.